Kufundisha Kiingereza Ng'ambo: Suala la Pasipoti

Wengi bado wanaamini kwamba bila pasipoti ya Marekani, Uingereza au nchi kama hizo, hakuna shule ya ng'ambo itakayokuajiri kufundisha Kiingereza. Korea Kusini ndivyo ilivyo: viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7, Afrika Kusini ikiwamo. Sharti la nchi moja likageuzwa la dunia nzima.

Thailand haikufungi hivyo. Inataka shahada na, kwa wengi wetu, cheti cha mtihani wa lugha kama TOEIC au IELTS. Wafilipino na Wakameruni wanafundisha huko miaka mingi sasa.

Cha kuchunguza hasa ni shule yenyewe. Ikikuambia "njoo na viza ya utalii, mengine tutamalizia huku", achana nayo. Ukikamatwa bila kibali cha kazi, anayerudishwa kwao ni wewe. Shule nzuri hukutumia barua za kuombea viza ya Non-B, ile ya kuingilia kazini, kabla hujapanda ndege. Halafu soma mkataba taratibu: ni wa miezi 10 au 12? Shule nyingi huko hufunga mwaka Machi na kufungua Mei, na mkataba wa miezi 10 hukuacha likizo hiyo yote bila mshahara, kodi ya chumba ikiendelea.