Njia za kando ya mifereji ya Uingereza zilikuwa za farasi

Wengi wanaamini kuwa njia zinazofuata mifereji katika miji kama Birmingham na London zilitengenezwa ili wakazi watembee na kupumzika. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana leo zimejaa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Lakini mifereji hiyo, mingi ikiwa ya kati ya miaka ya 1760 na 1830, ilichimbwa kwa ajili ya mizigo, hasa makaa ya mawe. Farasi mmoja alipita kandokando akivuta kwa kamba mashua yenye tani 25 au zaidi, mzigo ambao barabarani asingeuweza kamwe. Njia ilikuwa mali ya kampuni ya mfereji, si ya umma.

Ukifika huko, usitafute kibao. Pitisha kidole kwenye kona za madaraja ya zamani: utakuta mifuo mirefu iliyochimbwa na kamba zilizolowa maji na kushika mchanga, miaka nenda miaka rudi. Alama hizo hunigusa sana. Kwenye mfereji wa Regent's, London, ziko pia ngazi fupi za mteremko ukingoni, za kumtolea farasi aliyetumbukia. Ramani za karne ya 19 nazo huiandika wazi: njia ya kuvutia mashua.