Kubadilisha breki pedi za mbele nyumbani: usizisahau pini za kalipa

Kwenye karakana yetu ya mafunzo huja magari mengi yenye tatizo lilelile. Pedi ya nje bado nene, ila ya ndani imekwisha kabisa, bati lake linakwaruza diski. Mwenye gari anasema pedi zilibadilishwa miezi michache tu iliyopita, na ni kweli zilibadilishwa. Kilichosahaulika ni pini mbili zinazobeba kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski.

Magari madogo mengi tunayoendesha, kama Toyota IST, Vitz na Corolla, yana kalipa yenye pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani mpaka iibane diski, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini na kuivutia ndani pedi ya nje. Pini zikikauka au kushika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inafanya kazi ya pedi mbili. Ukifunga pedi mpya bila kugusa pini hizo, umenunua muda mfupi tu.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, ukiwa na zana na subira. Pedi mpya huwa na takriban milimita 10 za sehemu inayosugua. Zikibaki 3, zibadilishe, na ubadilishe kushoto na kulia kwa pamoja. Ule mlio mwembamba unaousikia unapoendesha mara nyingi ni wa kibati kilichowekwa makusudi kukuonya.

Egesha mahali tambarare na pagumu, vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma. Legeza nati za rimu gari likiwa bado chini, kisha inua na uliweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika tano.

Fungua boliti ya chini ya kalipa, uikunje kalipa juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa hosi ya breki, maana hosi inaweza kuchanika ndani na usione kitu kwa nje. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, na vumbi lake linadhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Sasa chomoa pini. Inatakiwa itoke na kurudi kwa vidole tu. Ikigoma, isafishe mpaka ing'ae, kagua kama mpira wake wa kuzuia vumbi umepasuka, kisha paka grisi ya silikoni maalumu kwa breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mipira, na pini inakwama upya.

Kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni na uibane polepole kwa klampu. Mafuta yatapanda kwenye chupa, kwa hiyo yaangalie yasimwagike, kwani yanababua rangi ya gari. Pistoni ikigoma kurudi, au ukiona unyevu pembeni yake, ishia hapo na umwite fundi. Kagua na diski pia: unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechongwa juu yake.

Baada ya kufunga kila kitu, kuna hatua ambayo nawasihi wote wasiiruke. Kabla ya kuwasha injini, pampu pedali ya breki. Ukikanyaga mara ya kwanza itazama mpaka chini, kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Mara ya pili na ya tatu itapanda, mpaka iwe ngumu. Aliyeliondoa gari bila kupampu hana breki anapokanyaga mara ya kwanza, na mara nyingi mbele yake kuna geti au mtoto. Pedali ikibaki laini, gari lisitoke.

Kisha tafuta barabara tulivu, upunguze mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, kama mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiziacha breki zipoe kidogo kila baada ya kupunguza. Mteremko wa Kitonga au Sekenke usubiri siku nyingine. Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza tena nati za rimu na uangalie kiwango cha mafuta kwenye chupa.