Je, Wajua Kwa Nini Tenki la Gari Jepesi la Spoti Lina Mirija Isiyopeleka Mafuta Popote?

Katika magari mengi mepesi ya spoti, hasa yale yaliyofuata muundo wa Lotus Seven ya mwaka 1957, fundi akiinama nyuma hukuta mirija miwili ya mpira iliyo karibu na tenki la mafuta lakini haielekei kwenye injini. Mmoja hutoka kileleni mwa tenki, hupanda juu zaidi, huvuka kwenda upande wa pili wa gari, kisha hushuka na kuishia wazi chini. Wa pili huanzia kwenye kibakuli kinachozunguka mdomo wa kujazia mafuta, nao huishia chini ya bodi. Kwa kuwa hakuna hata mmoja unaopeleka petroli mahali popote, ni rahisi kuudhania kuwa hauna kazi, na si ajabu kukuta mmoja wao umezibwa kwa bolti na klipu kwa sababu mwenye gari alilalamikia harufu. Kuziba huko ni hatari, na sababu yake huonekana wazi ukifuatilia yanayotokea ndani ya tenki tangu gari linapotoka sheli.

Pampu ikivuta lita moja ya petroli, lazima lita moja ya hewa iingie kuchukua nafasi yake. Yeyote aliyewahi kumimina maji kutoka kwenye dumu la lita 20 anajua jinsi maji yanavyotoka kwa kugugumia, kwa sababu hewa inagombania mdomo uleule mmoja. Tenki la gari halina nafasi ya kugugumia, kwa kuwa mfuniko wake umefungwa. Hewa hupita kwenye mrija wa kupumulia, yaani ule wa kwanza, au kwenye tundu dogo lililomo ndani ya mfuniko. Njia hiyo ikiziba, mgandamizo ndani ya tenki hushuka kila pampu inapovuta, huku hewa ya nje ikiendelea kulikandamiza tenki kutoka kila upande. Tuchukue mfano wa tenki ambalo uso wake wa juu una upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 60: mgandamizo wa ndani ukipungua kwa asilimia 5 tu, uso huo hubeba mzigo unaolingana na kilo 120 hivi. Bati nene linaweza kustahimili. Tenki la alumini nyembamba, lililotengenezwa na watu waliokuwa wakihesabu kila gramu, hubonyea ndani au hupasuka kwenye maungio yake.

Kabla halijafika huko, gari huonyesha dalili ambazo huwachanganya wengi. Linaondoka vizuri asubuhi, linafika katikati ya Barabara ya Bagamoyo, linaanza kukosa nguvu, kisha linazimika. Dereva anasubiri, hewa inapenya polepole, na injini inawaka tena kana kwamba hakukuwa na tatizo. Hapo hubadilishwa chujio, plagi, na mara nyingine pampu nzima, wakati kilichohitajika ni kufungua mfuniko na kusikiliza kama hewa inavutwa ndani kwa nguvu.

Tenki halivuti hewa tu, bali pia huitoa, na katika jiji lenye joto kama Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Roadster, ilikuwa na tenki la lita 45. Tenki kama hilo likijazwa mafuta yaliyokuwa ardhini yakiwa na nyuzijoto 28, kisha gari likaachwa juani hadi mafuta yafikie 43, ujazo wake huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Nusu lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Juu yake kuna mvuke, ambao katika joto hilo huongezeka haraka sana na kulisukuma tenki kutoka ndani.

Kwa sababu hiyo waundaji huacha nafasi tupu juu ya tenki, na bomba la sheli hujifunga lenyewe mafuta yanapofikia ncha yake. Hata hivyo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei inapotarajiwa kupanda, Jumanne yake jioni wengi hutaka tenki lijae pomoni. Mhudumu naye, bomba likishajifunga, huongeza kidogo kidogo ili hesabu ifikie shilingi zisizo na chenji. Kila tone linaloongezwa hapo linakula nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kutanuka, na kesho yake saa saba mchana ndilo linalodondoka kwenye lami ya maegesho. Mwenye gari huona tone hilo na kudhani tenki limetoboka. Kumbe mrija umefanya kazi yake.

Hadi hapa, maelezo haya yangelihusu hata gari la kawaida la familia. Kinacholitofautisha gari la spoti ni kona, na kwa maoni yangu hapa ndipo ufundi wa mrija huu unapostahili kusifiwa. Gari jepesi lenye tairi nzuri linaweza kukata kona kwa mchapuko unaokaribia ule wa mvutano wa dunia. Katika hali hiyo uso wa petroli haubaki sambamba na barabara, bali huinama hadi karibu nyuzi 45, ukikwea ukuta mmoja wa tenki. Gari likipinda kushoto, mafuta hukimbilia kulia. Likipinda kulia, hukimbilia kushoto. Mrija ambao ungetoka kwenye pembe ya juu ya kulia na kushuka moja kwa moja upande huohuo ungemwaga petroli katika kila kona ya kushoto. Ndiyo maana mrija hupandishwa kwanza juu ya tenki kadiri bodi inavyoruhusu, kisha huvushwa hadi upande wa pili kabla ya kushuka. Nguvu ileile inayosukuma mafuta kuingia kwenye mrija huyazuia yasivuke kwenda upande wa pili, na kona ikiisha yanarudi yenyewe tenkini.

Ipo sababu nyingine ya kuupandisha mrija, nayo haifahamiki sana. Mwisho wa mrija uko chini kuliko tenki. Petroli ikishavuka sehemu ya juu kabisa ya mrija na kuujaza wote, inaendelea kujivuta yenyewe, jinsi watu wanavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye gari moja kwenda jingine, wala haiachi mpaka hewa iingie kwenye mdomo wa juu. Ikiwa tenki limejazwa pomoni na mdomo huo umezama, kiasi kinachoweza kumwagika si matone tena. Fundi anayefupisha mrija ili kazi yake ionekane nadhifu anaondoa kinga hiyo bila kujua.

Magari ya wazi yana jambo moja la ziada, yaani kupinduka. Mrija unaoachwa wazi ungemwaga petroli yote juu ya watu waliomo, kwa hiyo huwekewa vali yenye kigololi au boya dogo, ambalo gari likipinduka huangukia kwenye kiti chake na kufunga njia. Vali hiyo ina upande wa juu na wa chini. Ikifungwa kinyume, huziba gari likiwa limesimama sawasawa, na yale matatizo ya kukosa hewa yanaanza.

Mrija wa pili, ule wa kibakuli cha kujazia, una kazi rahisi zaidi: mafuta yanayomwagika wakati wa kujaza, pamoja na maji ya mvua, hutiririka nje badala ya kuingia kwenye buti au kukaa juu ya rangi. Vumbi na majani vikiuziba, kibakuli hugeuka bwawa wakati wa masika, na siku mfuniko unapofunguliwa maji yale huingia moja kwa moja kwenye tenki. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, palepale pampu inapovuta.

Katika magari ya miongo ya karibuni mrija wa kupumulia hauishii wazi, bali huingia kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaonasa mvuke, na injini ikiwaka huuvuta mvuke huo na kuuchoma. Marekani ililazimisha mpango huo kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni ili kupunguza moshi wa miji. Nchini kwetu makopo haya mara nyingi hung'olewa gari linapofanyiwa matengenezo, na harufu ya petroli ndani ya gari huanza hapo.

Adui mkubwa wa mirija hii ni kiumbe mdogo. Mwaka 2011 Mazda iliagiza magari yake aina ya Mazda6 yapatayo 65,000, mengi yakiwa Marekani, yarudishwe kwa marekebisho kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakisuka tando ndani ya mrija wa hewa na kuweza kulifanya tenki lipasuke kwa kukosa pumzi. Mwaka 2014 iliagiza mengine yapatayo 42,000 yarudishwe kwa sababu hiyohiyo. Hapa Dar es Salaam wapo nyigu wanaojenga kwa udongo, na tundu lolote la ukubwa wa kidole kwenye gari lililoegeshwa muda mrefu linawafaa kabisa.

Kukagua hakuhitaji mashine. Mrija uchomolewe kwanza kutoka kwenye tenki, ndipo upulizwe, kwa sababu upepo wa kompresa ukielekezwa ndani ya tenki unaweza kulipasua. Ukibadilishwa, uwekwe mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, kwani mpira wa maji hulainika au kupasuka, na ule wa plastiki angavu hukauka na kuvunjika. Mfuniko unaonunuliwa Kariakoo uchunguzwe kama una tundu la hewa endapo gari linalitegemea, kwa kuwa mifuniko miwili inaweza kuwa na nyuzi za kufungia zilezile lakini mmoja ukawa umezibwa kabisa. Ncha ya chini nayo itazamwe inapoelekea: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama, hivyo mrija uishie nje ya buti, chini ya bodi, mbali na bomba la moshi na mbali na nyaya za umeme.