Subaru turbo inamisi? Niambie kwanza inamisi saa ngapi

Forester turbo za 2002 hadi 2007, zenye injini ya EJ205, ndizo mgeni wangu wa kila siku, na malalamiko ni kumisi, yaani silinda kushindwa kuunguza petroli yake sawasawa. Mteja anakuja keshabadilisha plagi, keshaosha nozeli zinazonyunyizia petroli, na sasa anaulizia bei ya koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Mimi namuuliza kitu kimoja tu: bosi, inamisi wakati gani?

Ikitetemeka imesimama, lakini ukikanyaga mafuta inatulia, koili naziweka kando. Hapo natafuta hewa ya wizi: mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka ya manifodi, mabomba ya kugawa hewa kwa silinda. Throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, ikiwa imefungwa, manifodi inanyonya kwa nguvu, hivyo hewa ambayo sensa haikuipima inapenya na petroli inakuwa haba. Ukikanyaga, hewa halali ni nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haisumbui tena.

Ikiwa mjini inateleza vizuri ila ukipanda mlima Kitonga na turbo ikaanza kusukuma inakatakata, hiyo ni habari nyingine. Turbo inaposhindilia hewa ndani ya silinda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka uwazi wa plagi. Uwazi unaotakiwa ni kama milimita 0.7 hadi 0.8, plagi iliyolika ikifika 1.0, koili iliyozeeka haiwezi tena. Kwa hiyo plagi mpya hupimwa kwa filagaji, vile vibati vya kupimia uwazi, kabla ya kufungwa, hata kama boksi limeandikwa kila kitu. Ukichomoa ile ya zamani, itazame kauri yake nyeupe juani. Ukiona kamstari keusi kembamba kama ka penseli kanakoshuka kwa urefu, umeme umekuwa ukikimbilia pembeni badala ya kuruka nchani. Hapo badilisha plagi pamoja na mpira wa koili, maana na wenyewe una njia hiyohiyo ndani. Shimo la plagi likiwa na oili, sili za kava ya valvu zimekwisha, na koili mpya itaharibika vilevile usipozibadilisha.

Cheche ikiwa nzima, nenda kwenye mipira kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), na ule wa kwenda throto. Hupasuka upande wa chini, kusikoonekana mpaka uvue intakula. Gari likiwa limesimama hapo hakuna presha ya maana, ndiyo maana halilalamiki. Turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kupimwa inavujia nje huku kompyuta ikimwaga petroli ya hewa yote: moshi mweusi, nguvu hakuna.

Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ikisoma P0301, ni silinda namba 1; P0304 ni namba 4. Hamisha koili ya 1 iende 3, zote ziko upande wa kulia ukiwa umekaa kwenye gari, futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0303 umempata mwizi, ni ile koili, bila kununua kitu. Ikibaki palepale, hamisha plagi, kisha nozeli. Upande wa kushoto utaishia kutoa betri, kwa hiyo anza kulia kama una hiari!

Kodi ikigoma kuhama, pima kompresheni, yaani presha ya silinda. Mafundi wengi hutia kijiko cha oili kwenye silinda yenye kompresheni ndogo ili kujua kama ni ringi za pistoni. Kwenye injini iliyolala kama ya Subaru kipimo hicho hakiaminiki, kwa sababu oili inatuama upande mmoja wa pistoni na haizunguki ringi yote. Mimi nazungusha injini mpaka valvu zote za silinda hiyo zijifunge, nasukuma hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, halafu nasikiliza. Ikifoka kwenye mfuniko wa oili, ringi au pistoni. Kwenye throto, valvu ya kuingiza. Kwenye egzosi, valvu ya kutoa. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi.

Na taa ya cheki injini ikiwa inawakawaka badala ya kuwaka tu, usilazimishe gari lifike nyumbani. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye egzosi, na bei ya katalisti ukiilinganisha na ya koili utatamani ungeita gari la kuvuta.