Kupepeta, kukoboa, kuchenjua: kipi kinabaki, kipi kinakwenda

Hivi karibuni nilipewa kazi ya kuhariri mwongozo wa mashine ya nafaka uliotafsiriwa. Ukurasa wa kwanza unasema mashine "huondoa maganda ya mpunga". Wa pili: "ondoa vumbi". Wa tatu: "ondoa chenga". Kisarufi hauna kosa. Ila kijana anayebeba magunia pale mashineni angeusoma akacheka, maana kwake hakuna kuondoa. Kuna kukoboa, kupepeta na kuchekecha, na ukimchanganyia hayo matatu atakuuliza kama umewahi kushika ungo.

Haya maneno hayakuzidishwa kwa urembo. Ili vitu viwili vilivyochanganyika vitengane, lazima viachane kwa jambo fulani: kimoja kizito kingine chepesi, kimoja kikubwa kingine kidogo, kimoja kimiminika kingine kigumu. Kitenzi cha Kiswahili mara nyingi kimeibeba tofauti hiyo ndani yake. Ukikisikia, kifaa umeshakijua.

Chukua mpunga uliotoka kinuni. Ndani ya ungo kuna mchele mzima, kuna chenga, kuna kumvi na vumbi la pumba. Mpepetaji anaurusha juu kidogo, anaudaka, anaurusha tena, na kila ukishuka anaupuliza. Kumvi ni nyepesi, upepo unazichukua na kuzimwaga mbele, kuku wameshajipanga. Mchele unarudi ungoni kwa uzito wake. Huko ndiko kupepeta. Kisha mwendo unabadilika: harushi tena, anautikisa polepole, anainamisha upande mmoja, jicho linatafuta mawe na punje mbovu, kidole kinaokota. Sasa anapembua. Wanaoandika ripoti za "upembuzi yakinifu" wa barabara na mabwawa walilichukua neno hilo huku ungoni, ingawa sidhani wengi wao wanalikumbuka.

Kuchekecha ni habari ya matundu. Unga wa muhogo unapita kwenye chekeche, vipande vinabaki juu. Fundi ujenzi naye anachekecha mchanga kwa wavu wa chuma uliosimamishwa kwa miti miwili. Uzito hapa hauna kazi. Kinachoamua ni ukubwa wa punje.

Kwenye kimiminika tunachuja. Nazi imekunwa kwa mbuzi, imetiwa maji kidogo, imewekwa kwenye kifumbu, mikono inakamua mpaka tui linatiririka. Vitenzi viwili vinafanya kazi kwa pamoja: kukamua ndiyo nguvu ya mikono, kuchuja ni kazi ya kifumbu kinachoyazuia machicha. Tui la kwanza, lile zito, ni kasimile, nalo hutiwa mwisho chungu kikikaribia kuiva.

Mpaka hapa vitu vilikuwa vimechanganyika tu. Vikiwa vimeshikana, lugha inakuwa kali zaidi, na karibu kila zao lina kitenzi chake. Nazi inafuliwa kwa kifuo, makumbi yakatoka. Mahindi yanapukuchuliwa, gunzi likabaki mkononi. Korosho inabanguliwa, kwa tahadhari, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Mpunga na mahindi yanakobolewa, na tofauti ya sembe na dona ni hicho kitenzi kimoja: sembe imekobolewa, dona imesagwa pamoja na ganda na kiini. Mafuta ya kile kiini ndiyo yanayofanya dona isikae sana kabla ya kuchacha.

Pemba na Unguja karafuu inachambuliwa: vishada vikishachumwa, watu huketi jioni wakinyofoa karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake. Karafuu inaanikwa. Makonyo nayo hayatupwi, yana mafuta, na huko Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha kuyatoa. Kazi yenyewe kwa Kiswahili cha kemia ni kukeneka: mvuke unapita kwenye makonyo, unabeba mafuta, unapozwa, na mafuta yanajitenga na maji.

Neno ambalo wengi walilijua kwa kishindo ni la madini. Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirisha nje ule uliokuwa ukiitwa "mchanga wa dhahabu", na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Ghafla kila kijiwe cha kahawa kikawa kinasema makinikia. Jina la mchanga lilipotosha, maana mtu alipata picha ya lori la mchanga wa kujengea. Makinikia ni kilichobaki baada ya mwamba kusagwa na sehemu kubwa ya jiwe kutengwa, na kazi hiyo ndiyo kuchenjua. Kinachobaki kina shaba, dhahabu na fedha kwa wingi kuliko jiwe la mwanzo, lakini bado si metali safi. Bado kitayeyushwa, kisha kisafishwe. Kwa hiyo kuchenjua na kusafisha dhahabu ni hatua mbili tofauti, hata kama magazeti huzichanganya.

Mchimbaji mdogo wa Geita anachenjua kwa njia yake. Jiwe linasagwa kwenye karasha, unga wake unapelekwa mwaloni, pale pa kuoshea, unamwagiwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia au blanketi. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi ya maji. Jiwe linaloibeba halifiki mara tatu. Maji yanakimbia na jiwe, dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Kwa maneno mengine, ni kupepeta, ila upepo umegeuka maji na kinachotakiwa kimelala chini. Ubaya unaanza inapoingia zebaki ya kuinasia dhahabu, kisha ikachomwa hewani na watu wakaivuta.

Kile kilichooshwa kikaachwa kinaitwa marudio, na jina limepatia: watu hurudi nacho kwenye matangi ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kwa sababu dhahabu iliyoponyoka kwenye gunia bado imo.

Mwongozo wangu niliumaliza. "Ondoa" niliiacha mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa usalama: "ondoa plagi ukutani kabla ya kufungua kifuniko." Fundi wa mashine akaupitia, akaikata kwa kalamu nyekundu. Akaandika juu yake: chomoa.