Bustani ile si ya wachawi

Hapa Pemba neno uchawi halitajwi kimchezomchezo. Jirani yangu mmoja alimnyang'anya bintiye riwaya ya The Secret Garden, ya Frances Hodgson Burnett, iliyotoka mwaka 1911. Alisikia kuwa watoto wa humo "wanafanya uchawi bustanini".

Hii ndiyo dhana ya kwanza, na kosa limo kwenye tafsiri. Colin, mtoto anayeamini kuwa ataota kibyongo na afe mapema, anaipa jina la Magic ile nguvu inayochipuza mbegu na inayomsimamisha yeye mwenyewe. Hamna kafara wala hirizi, na hakuna anayerogwa. Mzee Ben, mtunza bustani, akiketi na watoto hao hujiona kama yuko kwenye sala, na karibu na mwisho wanaimba wimbo wa kanisani wa kumsifu Mungu. Bi Susan Sowerby, mama wa watoto kumi na wawili, anasema jina si kitu. Kwetu jina ni kitu! Mimi ningeandika "nguvu", yakaisha.

Wengine husema bustani ilimponya kilema. Mgongo wa Colin haukuwa na kasoro. Miguu ilidhoofu kwa kulala mwaka hata mwaka na kuogopa; iliyomnyanyua ni hewa safi, chakula na mazoezi aliyofundishwa na Dickon, mwana wa Bi Susan.

Na Dickon kuzungumza na wanyama, si shirki? Muulize mtoto yeyote wa chuoni: katika Surat An-Naml, aya ya 18, chungu anawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Sulayman na majeshi yake. Hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 nazo zina paa anayemtajirisha maskini aliyemnunua kwa thumni. Paa anaugua, bwana wake anamdharau hadi anakufa, na yule bwana anajikuta tena jaani anachakura punje za mtama.

Hata kuona utukufu katika maumbile hatukufundishwa na Wazungu. Wavuvi husimulia kuwa Nabii Khidhri alikosa msala, mkeka wa kuswalia, pale kisiwani Misali, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake.

Jirani amekirudisha kitabu, kwa sharti moja: neno lile lisitamkwe mbele ya bibi.