Kupuuza hoja katika midahalo ya vyuoni: maana yake na namna ya kuitambua

Kupuuza hoja ni kumjibu mtu bila kugusa alichokilalamikia. Ukumbi unaweza kupiga makofi na lalamiko likabaki palepale. Anayepinga husema, "Hilo halikutokea," au, "Lilitokea, ila uzito wake ni mdogo kwa sababu hii." Anayepuuza huacha hoja akamshika msemaji.

Tuseme kuna mdahalo chuoni, Iringa. Mwanafunzi kutoka Rungwe anaeleza kwamba kila akisimama kuwasilisha kazi ya kundi, wenzake huanza "Mwaisa! Mwaisa!" (jina la kuwatania Wanyakyusa, watu wa Rungwe), wanaiga lafudhi yake, na alichoandaa hakisikiki. Majibu huja karibu kwa mpangilio uleule: "Ni utani tu." Kisha, "Mbona Wahehe wanataniwa kula mbwa na wametulia?" Mwisho, "Wewe ndiye unayeleta ukabila hapa."

Jibu la kwanza linaazima heshima ya utani na kuacha masharti yake. Watani ni pande mbili zinazojuana, kila upande una ruhusa ya kurudisha, na watani haohao ndio wanaoshika kazi msibani. Darasa zima likimcheka mmoja anayetafuta alama, hakuna hata sharti moja lililotimia. La pili linahamisha mada: kama Mhehe naye anaumia, basi malalamiko yamekuwa mawili. La tatu ndilo baya kuliko yote. Kwetu ukabila ni tuhuma nzito, kwa hiyo mlalamikaji hugeuka mshtakiwa, akaketi, na mwaka mzima hanyooshi mkono tena.

Wengine hukimbilia Katiba ya Tanzania. Ni kweli Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, kama ambavyo Ibara ya 12 inataka utu wa kila mtu uthaminiwe na ya 30 inazuia haki ya mmoja kukatiza ya mwenzake. Lakini kijana wa Rungwe hakuomba mtu afungwe mdomo. Aliomba asikilizwe dakika zake kumi. Kumtupia uhuru wa maoni ni kujibu ombi ambalo hakulitoa.

Upande wa walalamikaji nao hupuuza. Mtu akiuliza, "Ilitokea lini, mbele ya nani?" akaitwa mbaguzi papo hapo, swali lake nalo limetupwa.

Mwenyekiti wa mdahalo anaweza kuzuia mengi ya haya. Kabla ya kujibu, anayetaka kujibu arudie lalamiko kwa maneno yake mpaka mwenye lalamiko akubali, "Ndiyo, ndicho nilichosema." Kisha aeleze anapinga nini hasa: tukio, uzito wake, au dawa iliyopendekezwa. Wengi hukwama hapo kwenye kurudia, maana hawakuwa wakisikiliza. Mwenyekiti asiamue kwa makofi, kwa sababu wingi wa wanaocheka ndio uliolalamikiwa. Na likitajwa tishio au unyanyasaji wa kingono, asimamishe mjadala huo na kumwelekeza mhusika kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia. Mambo hayo hayajadiliwi mbele ya ukumbi.